Hadithi Iliyorudi Bila Sabuni

Habari ilinifikia asubuhi, kabla sijamaliza kupanga mabeseni mezani. Eti kuna mama wa mtaa wa juu alisikia harufu ya gesi jikoni, akawasha kiberiti atazame inavujia wapi, na paa la jiko likang'oka lote, mabati na mbao, likaenda kutua uwanja wa jirani. Mwenyewe kapona, ila nyusi hana. Na kilichomwokoa ni gauni la kijani alilokuwa kavaa, la kitambaa kizito.

Aliyeniletea habari ni shoga yangu anayeuza vitambaa jirani na meza yangu, na akisema kitambaa kizito anakushika mkono ili uamini.

"Shoga, wewe umemwona huyo mama?"

"Sikumwona. Lakini aliyeniambia kaliona paa."

"Nani?"

"Muuza mkaa."

"Muuza mkaa alifuata nini mtaa wa juu?"

"Sasa wewe unataka kujua habari ya paa au unataka kujua safari za watu?"

Nikarudi kwenye meza yangu, lakini habari ilining'ang'ania kama kupe. Nilimuuzia mteja ndoo nikampa mfuniko usio wake. Kila aliyesimama mezani nilimsimulia, na kila nilivyosimulia nilizidi kuogopa mwenyewe. Mchana nikafunga, nikaenda nyumbani, nikachomoa mtungi wangu wa gesi jikoni, nikaukokota mpaka uani na kuufunika kwa beseni kubwa, kama kifaranga. Nilipoinua macho, uwanja mzima ulikuwa umejaa mitungi. Kila jirani katoa wake. Ungedhani ina mkutano.

Naandika haya kwa wazazi wenzangu ambao watoto wao wanafanya kazi kama ya binti yangu, na kwa watoto wenyewe. Kazi hiyo ni tamu, siwakatazi. Lakini ina miguu, na ikitoka nje ya mlango hujui itaingia nyumba ya nani.

Binti yangu tunamwita Chiriku, kwa sababu tangu anajifunza kusema hajapumzika. Ameingia ofisi moja inayotengeneza kampeni za redioni: vaeni kofia mkipanda pikipiki, chemsheni maji, pelekeni watoto chanjo. Walimchukua kwa majaribio. Wakiridhika naye ataajiriwa, wasiporidhika atarudi kunisaidia kutafuta mifuniko. Na kazi waliyompa ya kumpima ilikuwa hiyo hiyo ya gesi. Chama cha wauza gesi kilitaka watu wajifunze kukagua mitungi yao, na Chiriku alitakiwa alete hadithi. Nasema hadithi, sio tangazo. Mkubwa wao, mama mmoja tunayemwita Mama Miwani, hataki kusikia neno tangazo.

Basi mwanangu alikauka. Wiki zikaenda, wazo haliji. Alikuwa anakaa mbele ya sahani anaitazama mpaka chakula kinapoa.

"Mama," akaniuliza siku moja, "ukisikia redioni, 'Ndugu mwananchi, kagua mtungi wako wa gesi mara kwa mara,' unafanya nini?"

"Naongeza sauti, nikidhani wimbo uko karibu."

"Hapo sasa," akasema, akaegemea ukuta.

Mama Miwani alimwambia hadithi haipo kwenye kompyuta, ipo kwenye foleni. Akaanza kuzunguka kwenye mabenchi ya kliniki na kwenye mistari ya kuchota maji, akisikiliza watu. Akirudi miguu imejaa vumbi na kichwa kitupu vilevile. Mimi roho juu. Nikimwangalia namwona tayari kakaa nyuma ya meza yangu, kati ya ndoo na vikombe, na digrii yake.

Wazo lilimjia jikoni kwangu. Kuku wa jirani aliingia, nikamrushia maji niliyokuwa naoshea vyombo. Kuku akatoka salama, maji yakauogesha mtungi wa gesi, povu likakaa juu ya ule mpira unaopeleka gesi kwenye jiko. Chiriku alikuwa mlangoni. Akaganda.

"Mama, rudia."

"Nirudie nini? Kuku keshaondoka."

Alichukua mkoba akatoka mbio hajala, na jioni alirudi anaimba. Nikimuuliza anasema, "Imepatikana. Subiri tu." Nikamshukuru Mungu, nikasahau.

Sasa rudi kwenye ile siku ya paa. Chiriku aliingia alasiri, akanikuta napuliza jiko la mkaa, machozi yananitoka.

"Mama, mtungi uko wapi?"

"Mwanangu, kaa chini." Nikampa habari yote, kiberiti, paa, nyusi, gauni la kijani. Nikampa na kishindo. Yeye anasikiliza macho yamemtoka, na tabasamu linamjia pole pole, mpaka nikaona huyu mtoto hana huruma.

"Na kuku?" akauliza.

"Kuku gani?"

"Hakuna kuku? Hata kidogo?"

"Paa limeruka, wewe unauliza kuku?"

Akasimama, akanishika mabega, akanizungusha humo humo jikoni. "Imefika, mama. Imefika mpaka kwa mama yangu mzazi. Hiyo hadithi ni yangu."

Nikamwambia aniachie, kisha anieleze. Kumbe ofisini kwao wana desturi. Hadithi haipelekwi redioni mpaka itembezwe kwanza. Unakwenda kwenye foleni, unamsimulia mtu mmoja usiyemjua, unaondoka, kisha unasubiri. Ikikurudia kutoka mdomo mwingine, ina uhai, inafaa. Isiporudi, wanaizika, anatunga nyingine. Chiriku alimsimulia mwanamume mmoja kwenye foleni ya fundi simu. Alimwambia kuna mama alisikia harufu ya gesi, akashika kiberiti atafute inapovuja, kabla hajawasha kuku akaingia, mama akamrushia kuku maji ya vyombo, povu likatua kwenye mpira wa gesi, na pale penye tundu povu likaanza kuvimba na kupasuka. Mama akaona tundu bila moto. Akafunga koki, akamwita fundi, akapika chakula chake.

"Hakuna paa?" nikauliza.

"Paa lipo pale pale lilipo."

Nikamtazama. Na yeye ile furaha ikaanza kumtoka usoni kama maji kwenye ndoo yenye ufa. Akachungulia uani, akaona mitungi imepangwa.

"Mama, hawa wote wametoa mitungi kwa sababu yangu?"

Kabla sijajibu simu yake ikalia. Alikuwa Mama Miwani, na sauti yake niliisikia nilipokaa. Wauza gesi wamekuja juu. Tangu asubuhi watu wanarudisha mitungi madukani, wengine wanaitupa nje, eti kuna nyumba imelipuka. Kesho ni siku ya kuonyesha kampeni, na kabla ya kikao anataka kujua uvumi huu kauanzisha nani.

Chiriku alikata simu akakaa juu ya gunia. Desturi yao ina sharti moja, akaniambia. Kabla ya kusimulia lazima umwambie yule mtu, "Hii ni hadithi, nimeitunga, sikiliza uniambie kama inavutia." Yeye hakusema. Alikuwa na furaha, akasahau, akaanza moja kwa moja na "kuna mama mmoja."

"Basi nyamaza," nikamwambia. "Uvumi hauna mwenyewe. Nani atajua?"

"Una mwenyewe, mama. Ni mimi."

"Watakufukuza."

"Huenda. Lakini nataka kujua sabuni yangu ilifia wapi." Akasimama. Na nikaona katika hofu yake ile ile furaha inachungulia tena, kama mtu aliyepoteza pete na anajua imo humu humu ndani. "Nani alikuambia wewe?"

Nikajifunga kanga, tukatoka. Sikuweza kumwacha peke yake, watu wa soko lile nawajua mimi.

Tulianza kwa shoga yangu. "Mimi paa nilipewa," akasema, huku anakunja vitambaa. "Gauni ndiyo nimeweka mimi. Mtu hawezi kulipukiwa uchi, ni aibu."

Tukaenda kwa muuza mkaa. Alikuwa katikati ya magunia, wateja wamemzunguka, hana hata nafasi ya kuitikia salamu. Siku hiyo mkaa ulikuwa unakwenda kama maji ya bure.

"Shikamoo, mama," Chiriku akasema. "Eti lile paa..."

"Marahaba. Nililiona."

"Uliliona wapi?"

"Likipita."

"Na aliyekuambia, hakusema habari ya sabuni? Povu?"

"Alisema. Povu, kuku, maneno mengi. Sasa mwanangu, mimi nauza sabuni?"

Alikuwa ameipata kwa kinyozi alipokwenda kupunguza nywele. Tukamkuta kinyozi kashika mteja, nusu ya uso nyeupe kwa povu la kunyolea. Tulipomuuliza alifurahi kama aliyekuwa anasubiri kuulizwa. Hadithi kaipata kwa mwanamume mmoja aliyetoka kwa fundi simu, na kinyozi akatusimulia yote: harufu, kiberiti, kuku, maji ya vyombo. Alipofika kwenye povu akachukua burashi yake, akampaka mteja shavuni, akapuliza. "Likavimba hivi. Likapasuka hivi. Tundu likaonekana."

"Sasa nyusi zimetoka wapi?" nikamuuliza. "Kama hakuna kilicholipuka?"

"Nyusi za kwangu hizo. Nilimweka karibu na jiko kidogo. Hiki ni kibanda cha nywele, dada yangu, lazima kitu kiungue."

Yule mteja akasema na yeye uso wake umeanza kukauka. Chiriku hakucheka. Alikuwa anaitazama ile burashi.

"Mama, na wewe uliongeza nini?"

"Mimi? Mimi sikuongeza kitu."

"Mama."

"Beseni," nikasema. "Nilisema beseni lake lilikutwa juu ya mti."

Hapo ndipo alipocheka, akakaa kwenye benchi la kinyozi, akaanza kusema haraka mpaka maneno yanagongana. Kila mtu ameweka bidhaa yake. Mwenye vitambaa kaweka gauni, mwenye mabeseni kaweka beseni, mwenye nyembe kaweka nyusi, mwenye mkaa kaweka moto. Na povu lilifika kwa kinyozi likiwa hai kwa sababu kinyozi ana povu. Lilipofika kwa mtu ambaye povu si lake, akalitupa. "Niliijaza hadithi mpaka juu, mama. Sikumwachia mtu pa kuweka chake, ndiyo maana wametoa sabuni wapate nafasi. Sitaki tena mama mmoja wa mtaa wa juu. Nataka kila mtu na povu lake. Kinyozi na burashi yake. Wewe na beseni lako. Kila mmoja aseme kwa mdomo wake alivyopaka mtungi wake."

"Na mimi nitasikika redioni?" kinyozi akauliza, wembe umesimama hewani.

"Ukinimalizia kwanza," mteja akasema.

Njia nzima ya kurudi Chiriku alitembea kama anayefukuzwa, mimi nyuma, viatu mkononi. Roho ilinidunda kwa hofu na kwa raha, sikujua ipi ni ipi. Mtoto ameokota kitu chema katikati ya kosa lake, na kesho kosa lile lile linaweza kumfukuzisha.

Ofisi yao iko ghorofani, juu ya duka la viatu. Kesho yake nilimsindikiza, nikakaa kwenye ngazi. Mlango haukufungwa vizuri, na sikuufunga. Niliona ukuta uliobandikwa vikaratasi vya rangi, feni inayotikisika, meza ndefu, na watu wa gesi wamekaa upande mmoja na nyuso ngumu. Nilidhani ataanza na wazo, awalainishe. Akaanza na kosa.

"Uvumi ni wangu," akasema. "Nilitembeza hadithi bila kusema ni hadithi."

"Kwa nini?" Mama Miwani akauliza.

"Nilisahau. Nilikuwa na furaha."

"Furaha," Mama Miwani akarudia, akavua miwani.

Mmoja wa watu wa gesi akasema huyu binti aondoke leo. Mimi nikasimama pale kwenye ngazi. Chiriku akaomba amalize kwanza. Akawaeleza safari ya hadithi, nani aliweka nini, sabuni ilifia wapi, na sauti yake ikapanda. Aliposema "likipita," wale wenye nyuso ngumu wakacheka, mmoja akagonga meza. Kisha akawapa wazo la povu, kila mtu na lake. Mama Miwani akarudisha miwani usoni.

"Wazo ni zuri," Mama Miwani akasema. "Lakini siweki hadithi nzuri juu ya uongo uliobaki mtaani. Kesho utasimama sokoni useme paa halikung'oka. Watu wakirudisha mitungi ndani, tutazungumza kazi. Wasiporudisha, tutaagana vizuri."

Siku iliyofuata Chiriku alipanda juu ya ndoo yangu niliyoigeuza, mbele ya meza. Soko limejaa. Mama Miwani kasimama pembeni na mwavuli. Mwenye duka la gesi naye yupo, mikono kifuani.

"Jamani, paa halikung'oka," Chiriku akasema. "Huyo mama hayupo. Nilimtunga mimi."

Watu wakatazamana. Muuza mkaa akasimama kati ya magunia yake.

"Mtoto muongo huyu. Mimi paa nililiona kwa macho yangu haya."

"Hata mimi nilisikia kishindo," mwingine akadakia.

"Kalipwa na watu wa gesi," akasema wa tatu.

Nani angedhani? Uongo wake waliubeba mchana kutwa bila kuuliza, na ukweli wake unakataliwa pale pale. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono nimshushe, niende naye nyumbani, kazi na iende. Ndipo kinyozi akapasua watu, mtungi mmoja begani, jiko na mpira wake mkononi, burashi mdomoni. Akaweka chini, akafungua koki, jiko kalifunga, akaupaka mpira povu la kunyolea kwa madaha kama anamnyoa bwana harusi. Watu wakainama kutazama. Povu likakaa kimya.

"Wangu mzima," akasema. "Mwingine."

Nikaleta wangu. Nilikoroga sabuni kwenye beseni, nikapaka. Kimya pia. Nikapumua. Watu wakaanza kunogewa.

"Haya, wa muuza mkaa," akaita mmoja.

"Muuza mkaa ana gesi?" wakacheka.

"Mtungi tunao," akasema mumewe, mzee mpole asiyesema sana. Kaenda nyumba ya nyuma, karudi nao begani. Soko likalipuka kwa vicheko.

"Mama Mkaa, unapikia gesi?"

"Mkaa ni wa kuuza," akasema muuza mkaa, bila kupepesa.

Chiriku akashuka kwenye ndoo, akapiga magoti, akapaka. Kwenye shingo ya mpira, pale unapoingia kwenye mtungi, povu likavimba. Likawa kama yai. Likapasuka. Likavimba jingine. Vicheko vikakatika kama vimekatwa kwa mkasi. Mwenye duka la gesi akaruka akafunga koki. Muuza mkaa akaweka mkono mdomoni.

"Asubuhi nilisikia harufu," akasema taratibu. "Nikasema nikirudi nitawasha kiberiti nitazame."

Mwenye duka la gesi akauchomoa ule mpira. Kisha mtu mmoja akageuka akakimbilia kwake, na mwingine, na soko zima likawa mbio. Waliosalia walikuwa wananinyang'anya mabeseni. Kila kona watu wamepiga magoti mbele ya mitungi, huyu na sabuni ya mche, huyu na ya unga, fundi magari na ile yake ya kuoshea grisi, wanaitana, "Njoo uone, wangu haujavimba." Mwenye duka la gesi alibadilisha mipira mpaka ikamwishia. Na jioni uani kwetu hapakubaki mtungi hata mmoja. Yote imerudi jikoni.

Mama Miwani alifunga mwavuli, akamwendea Chiriku aliyekuwa na povu mpaka kwenye nywele.

"Jumatatu uwahi."

"Kwa majaribio?"

"Majaribio yameisha. Na ukisimulia chochote kuhusu leo, anza kwa kusema ni kweli."

Nilikaa juu ya ile ndoo. Mwanangu alinusurika, na muuza mkaa alinusurika. Lakini usiku kucha nilifikiria kama angewasha asubuhi ile, kabla ya kwenda sokoni, tungesemaje. Kwa hiyo wanaotunga, na wanaowazaa wanaotunga, ya kuepuka ni haya:

Usitoe hadithi nje kabla ya kusema ni hadithi.

Usitunge moto, ugonjwa wala mtoto aliyepotea, ukaviweka kwenye mtaa wenye watu.

Usitafute wazo ukutani siku nzima wakati nje kuna foleni.

Usijaze hadithi mpaka msimuliaji wa pili akose pa kuweka chake.

Usiweke jambo la maana mwishoni kabisa. Watu wengi hawafiki.

Usimwambie mtoto anyamaze akitaka kusema alipokosea.

Usiongeze chumvi kwenye habari ya hatari, hata kama ni beseni tu.

Usingoje watu waamini ukweli kwa kuambiwa. Waonyeshe.

Ukisikia harufu ya gesi, usiwashe kiberiti, usiwashe taa. Funga koki, fungua mlango, tumia sabuni.